Chungwa halikuwa dhamana. Je, tokeni?

Mleta mada

Wakuu, kila kesi ya sarafu za kidijitali ikifika mahakamani Marekani, ubishi ni uleule: tokeni (kipande cha sarafu ya kidijitali kinachouzwa mtandaoni) ni dhamana au si dhamana? (Dhamana za hisa na hati fungani, si ile ya kumtoa mtu mahabusu.) Mimi naona swali lenyewe limekaa upande.

Turudi 1946. Kampuni ya Howey ya Florida iliuza vipande vya shamba la michungwa kwa watu ambao wengi hawakuwa wakulima, na kampuni dada ikawapa mkataba wa kulima, kuvuna na kuuza kwa niaba yao. Mahakama ya Juu ikasema huo ni mkataba wa uwekezaji: umetoa pesa, mradi ni wa pamoja, na faida unaitarajia kutoka kwenye jasho la mwingine. Hakuna jaji aliyesema chungwa ni dhamana. Chungwa ni tunda. Dhamana ilikuwa ule mpango uliolizunguka.

Sasa Ripple, kampuni iliyouza tokeni iitwayo XRP. SEC, tume inayosimamia dhamana, iliishtaki Desemba 2020. Julai 2023 Jaji Analisa Torres akagawa mambo: XRP zilizouzwa moja kwa moja kwa taasisi, za takriban dola milioni 728, zilikuwa mikataba ya uwekezaji, zile ambazo Ripple iliuza kwenye masoko ya mtandaoni, hapana. Hapo ndipo ninapokwama. Sheria ya dhamana ya Marekani ya 1933 ilitungwa ili anayeuza aweke ukweli mezani kabla hujatoa pesa. Taasisi ina wanasheria na wahasibu wake. Mtu wa kawaida ana simu tu. Tumemwongezea shuka mwenye blanketi, aliye uchi tukampita.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, umeruka kitu. Yule wa sokoni hakujua anamlipa nani. Huenda pesa yake ilikwenda kwa mwenye XRP mwingine kabisa. Aliahidiwa nini, na nani? Kama kutarajia bei ipande kunatosha, basi hata anayenunua dhahabu ana dhamana.

Mleta mada

Dhahabu haina kampuni inayopanda jukwaani kueleza itakavyoikuzia thamani. Na Julai hiyohiyo, katika mahakama hiyohiyo ya New York, Jaji Jed Rakoff aliukataa mgawanyo huo kwenye kesi ya Terraform, kampuni nyingine ya tokeni: hukumu ya Howey haikujali mnunuzi amepitia mlango gani. Bitcoin nakuachia, maana haina mtoaji wa kumbana.

Mchangiaji wa tatu

Nyote mmeng'ang'ania michungwa. Umoja wa Ulaya walitunga kanuni yao ya sarafu za kidijitali, MiCA, inayotumika kikamilifu tangu 30 Desemba 2024. Tokeni ikiwa na sifa za hisa, inakwenda kwenye sheria za zamani za fedha. Isipokuwa hivyo, kwa kawaida mtoaji anayeiuza kwa umma bado anatakiwa kuchapisha waraka wa maelezo. Mnunuzi hasubiri jaji aamue jina ndipo aambiwe ukweli.

Mleta mada

Hiyo naikubali, tena inanipunguzia hasira. Ila linabaki moja, na mchangiaji wa pili anijibu. Mwaka 2018 William Hinman, ofisa wa SEC wakati huo, alisema tokeni inaweza kuanza ndani ya mpango wa dhamana kisha ikatoka humo, mtandao wake ukishakuwa hautegemei tena kundi moja la watu kuuendesha. Nani anapima kwamba siku hiyo imefika? Mwenye kampuni mwenyewe?