Naomba ushauri: mwanangu wa selimundu aingie kwenye utafiti?

Habari zenu wakuu. Mwanangu wa miaka 4 ana selimundu. Mimi na mama yake wote ni AS (tumebeba kinasaba cha selimundu bila kuugua), na hatukujua mpaka alipofikisha miezi 8, vidole vikavimba vikang'aa. Bibi yake akasema kalalia mkono, tukamchua mafuta ya nazi wiki nzima!

Sasa kliniki wanataka aingie kwenye utafiti: wapime vinasaba, wamfuatilie akitumia haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu. Dawa siiogopi. Ilishajaribiwa kwa watoto Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo ya 2019 yalionyesha maumivu na hata malaria vilipungua. Kinachonikwaza ni fomu. Ukurasa wa tano kuna mstari kwamba damu "inaweza kuhifadhiwa kwa tafiti zijazo", pengine nje ya nchi. Nikamuuliza nesi, akanijibu, "Saini tu baba, wenzio wote wamesaini."

Mliopitia hili, naweza kukubali dawa nikakataa damu kuhifadhiwa? Tukijitoa katikati, walipunguza huduma kwa wenu? Halafu mama watoto ana mimba ya miezi 5, na ile asilimia 25 ya uwezekano wa mtoto kuzaliwa na selimundu inatunyima usingizi. Huyu wa tumboni mnashauri tumpime siku ileile akizaliwa?