Tabaka, fani au nini? Naomba ushauri kuhusu wahusika wa mchezo wetu

KeteIshirini (mwanzilishi wa uzi)

Wanajamvi, hamjambo. Mimi ni msimamizi wa mchezo wa kuigiza wahusika, ule wa mezani unaotumia dadu ya pande ishirini. Tunakutana kila Jumamosi alasiri, watu sita, katika nyumba ya kupanga ya mmoja wetu huko South B. Kanuni tunazotumia ni za Dungeons & Dragons, toleo la tano, lile la mwaka 2014, ila ulimwengu wenyewe nimeutunga mimi: pwani yenye miji ya mawe inayogombania biashara ya bahari, nyuma yake msitu wa kaya zenye maboma, na mbele zaidi nyika ya wafugaji. Kampeni yetu, yaani hadithi moja ndefu tunayoiendeleza kikao hadi kikao (ambayo, kwa wanaoshtuka wakisikia neno hilo, haina uhusiano wowote na siasa), imefika kikao cha tisa, na ndipo nilipokwama.

Kosa langu lilianza na neno. Nilipowaandalia wachezaji maelezo kwa Kiswahili nilihitaji tafsiri ya lile neno la Kiingereza linalotaja aina ya mhusika, yaani kama yeye ni mpiganaji, kuhani, mwizi na kadhalika. Nikajikuta na maneno mawili mkononi: darasa, ambalo linanuka chaki, na tabaka. Nikachukua tabaka. Bila kukusudia nikaanza kulitii neno langu mwenyewe, nikajenga mji wa Mwambakuu ambamo wapiganaji wote ni wana wa waungwana, makuhani wote ni wa ukoo mmoja, na wezi wote wanatoka mtaa mmoja wa makuti nyuma ya bandari. Wachezaji nao wakaanza kuulizana nani yuko juu ya nani.

Hilo ningelivumilia. Jumamosi iliyopita, hata hivyo, walifika kijiji cha wavuvi kilichoingiliwa na kipindupindu. Mchezaji anayeigiza shujaa wa kiapo akamwekea mtoto mmoja kiganja kwenye paji la uso, akapunguza alama tano kwa penseli kwenye karatasi yake, na mtoto akainuka akaomba uji. Sote tulifurahi. Kisha kijana anayeigiza mwizi, ambaye kwa kawaida huwa anatazama simu, akainua kichwa na kuuliza: ikiwa jambo hilo linawezekana, yule bibi tuliyempita makaburini alikuwa analia nini? Si Mwambakuu ni mwendo wa nusu siku, na si uliwahi kutuambia hekalu lake lina makuhani arobaini?

Ni kweli niliwaambia, katika kikao cha tatu, na idadi hiyo niliitaja ili hekalu lionekane kubwa tu. Nikasema tupumzike kidogo tunywe chai. Chai ikaisha na jibu sikuwa nalo.

Naomba mnisaidie. Je, kila askari wa mjini ahesabiwe kuwa mpiganaji wa kitabuni, na kila kuhani awe na uwezo wa kuponya? Ikiwa sivyo, watu wa ulimwengu huu wanawatofautishaje wenye uwezo na wasio nao, na wanawaita nani?

MhasibuWaEmbakasi

Ndugu KeteIshirini, kazi yangu ni hesabu, kwa hiyo nitakujibu kwa hesabu.

Kwa kanuni za 2014, shujaa wa kiapo ana akiba ya alama tano za uponyaji kwa kila daraja alilofika, na kuondoa ugonjwa mmoja hugharimu tano. Ukiwa na vikao tisa nakisia wachezaji wako wako daraja la tatu. Basi huyo shujaa huponya wagonjwa watatu, kisha hana kitu mpaka apate pumziko refu la saa nane. Kuhani wa daraja la tatu anaweza kuondoa ugonjwa mara mbili kwa siku. Chukua sasa makuhani wako arobaini na uwape wote daraja hilo: ni wagonjwa themanini kwa siku. Kwa hesabu hiyo kipindupindu hakikai wiki moja katika pwani yako nzima, na yule kijana wa simu alikuwa na haki ya kuuliza.

Lakini kitabu chenyewe hakikulazimishi kufanya hivyo. Katika orodha ya viumbe, mtu wa kawaida ana alama nne za uhai na hana fani yoyote. Kuna mwanafunzi wa kuhani mwenye alama tisa, ambaye anaweza kufunga jeraha lakini uganga wa kuondoa ugonjwa hajaufikia. Kisha kuna kuhani kamili mwenye alama 27, anayehesabiwa kuwa na uganga wa daraja la tano, na huyo, akitumia nguvu zake zote za juu kwa kazi hiyo moja, huondoa magonjwa matano kwa siku. Kwa hiyo acha arobaini wako wabaki arobaini. Thelathini na zaidi wanafagia, wanaimba, wanatunza daftari la sadaka na kuozesha watu. Wachache wanafunga majeraha. Mmoja tu, mzee, anaponya watano kwa siku.

Sasa jiulize foleni ya mlango wa hekalu inaanza saa ngapi za usiku, nani anauza nafasi, na mke wa tajiri wa jahazi aliingia wa ngapi. Yule bibi wa makaburini alikuwa wa sita.

BintiShela

Nimeusoma uzi huu nikiwa kwenye matatu, nikapitiliza kituo. Kaka yangu, hesabu ya ndugu Mhasibu ni nzuri, ila mimi nitarudi kwenye maneno, kwa sababu naona bado yanakuponza.

Kwanza achana na tabaka. Sema fani. Mtu huingia katika fani, hufundishwa, huiva au hushindwa, na mtoto wa muungwana na wa mvuvi wanaweza kukutana humo. Pili, naomba sana, usimwite mtumia nguvu yeyote wa upande wa wachezaji mchawi. Najua kamusi zinaruhusu. Kwetu mchawi ni mtu wa kudhuru, wa usiku, na jina hilo hakuna anayejiita. Rafiki yangu aliwahi kuigiza mhusika wa aina hiyo sebuleni kwao, akatangaza kwa sauti kwamba yeye ni mchawi wa daraja la nne, na mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi kutaka kujua ni mgeni gani amesema maneno hayo ndani ya nyumba yake. Mchezo uliishia hapo.

Lugha yetu tayari imewagawa watu hawa vizuri kuliko kitabu. Anayepata nguvu kwa kusoma na kunakili vitabu usiku kucha ni mwanachuoni. Anayetibu kwa mitishamba na kwa kuzungumza na mizimu ya mahali ni mganga. Aliyefunga mkataba na kiumbe kikubwa kuliko yeye, akapewa nguvu kwa masharti, huyo pwani tunasema anafuga jini, na tunasema kwa kunong'ona, kwa sababu kila mtu anajua kwamba siku moja jini atadai chake. Ona jinsi neno moja linavyokupa na hadithi yake: jirani zake wanamwogopa, wanamwonea wivu mali yake, na bado wanamwendea usiku kumkopa.

Kuhusu malenga, ambaye wachezaji wengi humdharau kwa kuwa wanadhani kazi yake ni kupiga zeze wenzake wakipigana, mkumbuke Fumo Liyongo. Masimulizi ya kwetu yanamweleza kuwa jitu la vita, mpiga upinde asiyeshindika, na papo hapo mshairi. Alipofungwa gerezani alimtungia mjakazi Saada mashairi ya kumpelekea mama yake, naye mama akaoka mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Usiku wa ngoma, watu wakiitikia kwa kelele nje, yeye akawa anakata minyororo. Hebu niambie, hapo ni mpiganaji au malenga? Waliomjua hawakuwa na haja ya kuuliza. Na tazama kwamba fani haikumkinga: mwanawe mwenyewe alimuua kwa sindano ya shaba kitovuni. Siri moja kama hiyo kwa kila shujaa mkubwa wa ulimwengu wako ingenifurahisha kuliko jedwali zima la alama za uhai.

KasiTu

Mnajichosha. Ipo michezo isiyo na fani kabisa. RuneQuest ya mwaka 1978 ilikwisha kuziacha: mtu huwa hodari katika jambo analolifanya mara kwa mara. Hamia huko na tatizo litaisha.

KeteIshirini

Ndugu KasiTu, nimelifikiria hilo, lakini wachezaji wangu wawili walinunua kitabu cha kanuni kwa kuchangisha, na sina uso wa kuwaambia wakiweke kabatini katikati ya safari.

MzeeWaRika

Vijana, ngoja niseme na mimi, niliyeanza mchezo huu wakati dadu zenyewe tulikuwa tunaziomba kwa jamaa walioko ng'ambo.

Mchezo ulipotoka mwaka 1974 fani zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mtumia nguvu na kuhani. Mwizi aliongezwa mwaka 1975. Kinachosahaulika ni kwamba zamani fani ilikuwa na mwisho wake katika jamii. Katika kanuni za mwaka 1978, mpiganaji aliyefika daraja la tisa aliweza kujenga ngome na kupata wafuasi, na kuhani naye aliweza kusimamisha hekalu lake. Walinzi wa msitu, wale ambao dada BintiShela angewaita waganga, walikuwa na ngazi za juu zilizohesabiwa: duniani kuna tisa tu wa daraja la kumi na mbili, juu yao watatu, na juu yao mmoja. Ukitaka kupanda na nafasi imejaa, unamkabili aliyeishikilia na kumshinda. Wengi waliona kanuni hiyo ni usumbufu. Mimi niliiona kuwa ndiyo ulimwengu wenyewe, kwa sababu ilimlazimu msimamizi kujua hao tisa ni nani na wanakaa wapi. Basi wape kaya zako wazee tisa wenye majina.

Kwa nyika yako ya wafugaji, usilete wapiganaji wa kukodiwa. Kwetu Wanandi tuna marika saba yanayozunguka, Maina, Chumo, Sawe na mengineyo, na vita vilikuwa kazi ya rika lililoshika zamu. Hukuchagua kuwa mpiganaji. Ulifika umri, ukatahiriwa na wenzako, ukabeba mkuki, na zamu ilipokwisha ukaukabidhi kwa rika la nyuma. Katika jamii ya namna hiyo karibu kila mwanamume aliyevuka ujana amewahi kuwa mpiganaji. Mchezaji wako anayetaka kuendelea kupigana akiwa na miaka hamsini ana la kuwaeleza wenzake. Ukitaka fani inayofuata damu kweli, itazame ile ya wahunzi katika Wamaasai: wanadharauliwa, hawaolewi nje ya watu wao kwa urahisi, na hakuna morani anayepata mkuki bila wao. Hapo neno lako la tabaka lina kazi. Usilitupe lote.

BintiShela

Shikamoo Mzee. Hilo la mwisho nakubali, japo limeniuma.

KeteIshirini

Shikamoo zote zimwendee Mzee, na asanteni nyote. Nimekaa na daftari tangu jana. Kwenye karatasi za wachezaji nitaandika fani. Tabaka litabaki Mwambakuu, kama neno la wenyeji wenyewe, linalotumiwa na waungwana wanaotaka kuamini kwamba upanga ni urithi wao, na nitamweka mlinzi mmoja wa lango, mtoto wa makuti, anayewashinda wote kwa upanga na ambaye hawajapata jina la kumwita. Wahunzi nitawahamishia nyikani. Wazee wa kaya watakuwa tisa, na majina manne tayari ninayo.

Linalonisumbua bado ni yule bibi. Wachezaji hakika watamrudia makaburini, na sasa najua kwamba alikesha mlangoni akawa wa sita. Ndugu Mhasibu, je, nafasi ya tano ilinunuliwa na nani?

MhasibuWaEmbakasi

Mpe mmoja wa wachezaji. Angalia matumizi yao ya kikao cha tatu. Ikiwa walipita Mwambakuu na kuhani mzee akamtibu mmoja wao kwa malipo, nafasi hiyo ilikuwa yao.

KeteIshirini

Nimeangalia. Mwizi alikuwa na homa ya msituni. Walilipa vipande arobaini vya fedha na kuingia kwa mlango wa nyuma.