Fundi kasema mashine yangu niipeleke MAKUMBUSHO, mbele ya wateja!

Mzee wa Mizani: Wakuu, yule fundi mnamjua, simtaji. Asubuhi hii, foleni ya korosho imefika barabarani, ananiambia kwa sauti ya adhana: "Mzee, hii peleka makumbusho!" Makumbusho! Kompyuta ya Pentium iliyoanza kupima magunia yeye akiwa bado anapakatwa. Akanibadilishia kwa Raspberry Pi, kikompyuta kidogo chenye chipu ya ARM, eti programu ya mzani "itaingia tu, kompyuta ni kompyuta". Ikaingia kweli. Mzani wangu ukiwa mtupu husoma hasi 1, siku zote. Leo mtupu unasoma kilo 255! Nikamuuliza, hewa ya Mtwara ina kilo 255? Ndipo akacheka. Wapagazi wakacheka. Mbuzi wa jirani naye nilimwona meno. MAKUMBUSHO!

Chikongola Boy: 😂😂 Si ungeuza hiyo hewa mnadani?

Kangomba Mstaafu: Programu imeandikwa kwa lugha ya C? Kwenye chipu za Intel na AMD, `char` (namba ndogo ya biti 8) hubeba hasi. Kwenye Linux ya chipu za ARM, kama hiyo Pi, haibebi, inaanza 0 mpaka 255, ndiyo maana hasi 1 yako imegeuka 255. Akompaili upya (aigeuze tena programu iwe lugha ya mashine) na `-fsigned-char`, kwisha.

Mzee wa Mizani: Kwisha? Na ile "makumbusho" ataikompaili na nini?

Binti Newala: Mleta mada, nenda nayo tu, mtawekwa kabati moja.

Ligula Juu: Mzee usinyanyasike. Intel wameunda chipu ya 386 toka 1985 mpaka 2007, sababu mitambo ilikuwa bado inaitaka. Perseverance, roboti ya NASA kule Mirihi, inatembea na chipu ya RAD750, ukoo mmoja na chipu ya PowerPC ya kompyuta ya iMac ya 1998. Akawacheke NASA.

Mzee wa Mizani: Hii naiprinti naibandika mlangoni kwake.

Kangomba Mstaafu: Bandika, ila Debian 13, toleo la Linux, haina tena kisakinishi cha biti 32 kwa hizo Pentium. Diski ikifa, shauri yako.

Mkulima Nanyamba: Mnalia na 255 wakati mimi salfa, dawa ya ukungu, ililetwa mikorosho imeshamaliza maua.

Tandahimba Original: Afadhali wewe uliletewa.

Mzee wa Mizani: Wakuu, turudi kwenye makumbusho.

Binti Newala: @Mkulima Nanyamba ya unga au ya maji?

Mkulima Nanyamba: Ya unga. Nusu mfuko, umeganda.