Naandika maelezo ya kazi ya atakayenipokea. Niweke nini?

Karani wa Njoro
Hamjambo wakuu. Mimi ni karani wa ushirika wa maziwa huku Njoro, na karibuni nahamia Kitale na familia. Mwenyekiti anataka niandike maelezo ya kazi ya atakayekuja. Kasema yasizidi ukurasa mmoja, na nidai shahada ya biashara. Karatasi ya zamani inataja kutunza kumbukumbu, kuandaa malipo "na kazi nyingine atakazopewa". Hapo huwezi kujua kama ni ofisi ya maziwa au ya mbao.

Kazi yenyewe iko dirishani. Alfajiri bodaboda zinashusha mitungi, mpokeaji anatia laktomita, kifaa cha kupima uzito wa maziwa. Maziwa safi husoma kati ya 1.028 na 1.036, yakishuka chini ya hapo tunashuku maji na tunayakataa. Mkulima hagombani na mpokeaji, anakuja kwangu. Siku ya malipo ni nzito zaidi. Mama ameleta maziwa mwezi mzima, lakini alichukua chakula cha ng'ombe kwa mkopo, akaitiwa daktari wa mifugo, na akiba nayo inakatwa. Kinachobaki hakimlipii karo. Unakaa naye, unampitisha kato moja baada ya jingine mpaka aridhike, na mara nyingi ni kwa Kikuyu au Kikalenjin. Asiporidhika, kesho maziwa yake yanaenda kwa mchuuzi wa barabarani.

Hayo yanaandikwaje? Na niandike kwamba ajue lugha hizo?

Afisa wa wafanyakazi, Kisumu
Dada, usiandike lugha ya kabila. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa lugha. Inaruhusu sharti ambalo kazi yenyewe inalidai, lakini hapo itabidi mwajiri aweze kulitetea. Andika anachopaswa kuweza kufanya: "Aweze kumweleza mkulima asiyesoma hesabu ya malipo yake mpaka aielewe." Kisha mpimeni kwa hilo siku ya usaili. Mpeni karatasi ya malipo yenye makato, mketishe mzee mbele yake.

Kifungu cha 10 kinataka maelezo ya kazi yawe katika maandishi ya ajira, kwa hiyo unachoandika kitamfunga mtu. Hiyo "kazi nyingine" iwekee mpaka. Nimeona makarani wakiosheshwa magari ya wakubwa kwa kisingizio cha maneno hayo.

Tenga pia anachopaswa kuja nacho na atakachofundishwa. Laktomita atafundishwa. Subira ya dirishani aje nayo.

Mwana wa Mumias
Mimi nilipokea stoo ya shule ya bweni. Karatasi yangu ilisema "kusimamia stoo", basi. Hakuna aliyeniambia kwamba mahindi hununuliwa baada ya mavuno bei ikiwa chini, wala kwamba yakiingia na unyevu uliozidi asilimia 13.5 yanaota ukungu na watoto hawawezi kulishwa. Niliyajua kwa kuuliza wapishi. Mwandikie mwenzako kalenda ya mwaka, tafadhali. Hiyo ndiyo ningeishukuru kuliko orodha yoyote ya majukumu.

Karani wa Njoro
Asanteni sana. Kalenda naiambatisha: kiangazi cha Januari hadi Machi maziwa hupungua huku mikopo ya chakula ikipanda, ndipo malalamiko yanapofurika. Aprili mvua huharibu barabara, maziwa huchelewa na kuchacha njiani. Na kila mwezi, mishahara ya madereva na wapokeaji: ushuru wa KRA (mamlaka ya mapato) na makato ya SHA (bima ya afya) yafike kabla ya tarehe 9 kupita.

Shahada nitaipinga mbele ya kamati. Mimi niliingia na cheti cha KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, na wapo vijana wa hapa wenye cheti hicho hicho wanaojua wakulima kwa majina. Kudai shahada kwa mshahara ule ni kuwafungia mlango, na atakayepita ataondoka akipata mahali pengine.

Afisa wa wafanyakazi, Kisumu
Waambie hivyo hivyo, na uwatajie huo mshahara. Omba pia mkae pamoja na atakayekupokea kabla hujaondoka, na siku ya malipo iwe ndani ya muda huo. Cheti chako cha utumishi usikisahau. Kifungu cha 51 kinakupa haki nacho.

Karani wa Njoro
Kamati inakaa Ijumaa. Siku ya malipo naiweka kuwa sharti la kwanza.