Saratani ya tezi dume: je, upasuaji wa roboti unastahili gharama ya kusafiri?

Mwana_wa_Pili

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Baba yetu ana umri wa miaka 66. Baada ya kusumbuliwa na mkojo kwa muda alipimwa damu, PSA (protini ya tezi dume ambayo hupanda tezi ikiwa na tatizo) ikasoma 14. Alipochukuliwa vinyama kwenye tezi dume, majibu yakaonyesha saratani ya Gleason 7 (alama ya ukali wa saratani), yaani 3+4. Kipimo cha MRI hakikuonyesha kwamba ugonjwa umetoka nje ya tezi, na kipimo cha mifupa ni safi. Daktari wake hapa Dar es Salaam amemweleza kwamba anaweza kufanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi yote au kutibiwa kwa mionzi, na kwamba ana nafasi ya kutafakari kwa wiki kadhaa, ila asiache mwaka ukatike bila kuamua.

Nyumbani ubishi umeanza. Kaka yetu mkubwa aliwasiliana na wakala anayepeleka wagonjwa India, akaletewa makadirio mawili ya hospitali moja: upasuaji wa kufungua tumbo, na upasuaji wa roboti unaozidi ule wa kwanza kwa karibu theluthi. Wakala anasema roboti haikosei, haiachi saratani nyuma, na mgonjwa harudi nyumbani na pampasi. Shangazi anataka kiwanja cha Kibaha kiuzwe. Baba, ambaye ndiye mwenye mwili, yuko kimya, lakini najua anachoogopa: kushindwa kuzuia mkojo na kupoteza nguvu za kiume. Naomba wenye ujuzi watueleze roboti inafanya nini hasa, na hiyo theluthi ya ziada inanunua nini.

Daktari_wa_Mkojo

Poleni sana, na hongera kwa kuuliza kabla ya kulipa. Mimi ni daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo, na sina roboti, kwa hiyo msomaji apime maneno yangu akilijua hilo.

Roboti hii haijiendeshi. Mtambo uliotumika zaidi duniani, da Vinci, uliruhusiwa Marekani mwaka 2000, na mwaka huohuo madaktari wa Frankfurt, Ujerumani, walikuwa wameshautumia kuondoa tezi dume. Daktari hukaa kwenye kiti cha kuuendeshea, hatua chache kutoka kitanda cha mgonjwa, akitazama picha yenye kina iliyokuzwa hadi mara kumi, na vidole vyake ndivyo vinavyoongoza vyuma vyembamba vilivyopitishwa kwenye matundu madogo ya tumbo. Ncha za vyuma hivyo hujikunja na kuzunguka kuliko kifundo cha mkono wa binadamu, na mtambo huchuja mtetemo wa vidole. Hizo ni faida za kweli, kwa sababu tezi dume imejificha chini ya mfupa wa kinena, mahali ambapo mkono mzima wa daktari hauenei vizuri. Lakini anayekata ni yuleyule daktari, na akikata pasipostahili, mtambo utamtii.

Kuhusu mkojo na nguvu za kiume, utafiti unaonisaidia zaidi kuwajibu wagonjwa ulifanyika Brisbane, Australia. Wanaume 326 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapasuliwa kwa roboti na nusu kwa kufunguliwa. Waliopasuliwa kwa roboti walipoteza damu kidogo na waliondoka wodini mapema. Hata hivyo, katika kuzuia mkojo na katika tendo la ndoa, matokeo ya wiki 12 yaliyotolewa mwaka 2016, na yale ya miezi 24 yaliyofuata mwaka 2018, hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Jambo ambalo watu hulipita haraka ni kwamba kila upande ulikuwa na daktari wake mmoja, na yule wa upasuaji wa wazi alikuwa ameshafanya zaidi ya 1,500 kabla utafiti haujaanza, ilhali yule wa roboti alikuwa amefanya mia mbili hivi tu. Wapo wanaosema roboti ilionewa, na wapo wanaosema mkono uliozoea ulifikia kila kilichofikiwa na mtambo. Mimi niko upande wa hao wa pili, ingawa nakiri kwamba daktari mwenye upasuaji 1,500 wa tezi dume si mtu unayemkuta kila mkoa.

Kumbukeni pia kwamba mishipa ya fahamu inayosimamisha uume hupita pembeni kabisa ya tezi, na njia ya kuitoa tezi bila kuiumiza mishipa hiyo ilionyeshwa na daktari Patrick Walsh wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, mwaka 1982, roboti ikiwa bado haijazaliwa. Mishipa itahifadhiwa au haitahifadhiwa kutegemea saratani imekaribia ukingo kiasi gani, umri wa mgonjwa, hali yake kabla ya upasuaji, na subira ya anayeitenganisha. Mzee ambaye tayari ana kisukari na shinikizo la damu, na ambaye nguvu zake zilianza kupungua zamani, hatarudishiwa na mtambo alichokuwa hana.

Ama kauli kwamba roboti haiachi saratani nyuma, mwambieni wakala aiandike kwenye karatasi na kuitia saini.

Sista_Ughaibuni

Salaam kutoka Uingereza, ambako ninafanya kazi chumba cha upasuaji. Huku, upasuaji mwingi wa kuondoa tezi dume siku hizi hufanywa kwa roboti, kwa hiyo niongeze yale ambayo matangazo hayaonyeshi.

Mgonjwa akishalala usingizi wa dawa, tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksidi ili lipande na kutoa nafasi, kisha kitanda huinamishwa kichwa kikiwa chini na miguu juu, na hukaa hivyo kwa saa kadhaa. Ndiyo maana wengi huamka wakiwa na uso uliovimba, na ndiyo maana mtaalamu wa usingizi huuliza sana kuhusu moyo, mapafu na presha ya macho. Daktari huketi kwenye mtambo, na wengi niliofanya nao kazi huvua viatu ili wazisikie vizuri pedali. Sisi tuliobaki kando ya kitanda hatukai: msaidizi ananyonya damu, anaingiza uzi, anabadilisha vyuma. Tezi ikishakatwa huwekwa ndani ya kifuko kidogo, na mwisho kifuko hicho hutolewa kwa kupanua tundu moja karibu na kitovu. Kisha daktari hushona kibofu na njia ya mkojo kwa kuzunguka, mshono baada ya mshono, halafu maji hupitishwa kwenye mpira wa mkojo kuangalia kama pamevuja. Mshono huu ndio mahali ambapo roboti hunifurahisha kweli, maana kwa laparoskopi ya kawaida, yaani upasuaji wa matundu madogo bila roboti, madaktari walikuwa wakitoka jasho.

Naungana na daktari kwa mengi, ila nisingependa familia ielewe kwamba tofauti ni sifuri. Mzee anayetoka wodini mapema na akiwa na maumivu kidogo ni jambo kubwa kwa mgonjwa na kwa anayemuuguza. Baada ya hapo mpira wa mkojo hubaki kwa takriban wiki moja au mbili, roboti au siyo roboti.

Mzee_wa_Lushoto

Mwanangu, marahaba. Mimi nilifunguliwa tumbo katika hospitali ya kanda hapahapa nchini, kwa ugonjwa unaofanana na wa baba yako. Kovu liko chini ya kitovu, na sijawahi kuona likimsumbua mtu. Mkojo ulinivuja. Nilivaa pedi miezi ya mwanzo, nikikohoa unatoka, nikiinua ndoo unatoka. Kilichonisaidia ni mazoezi ya kukaza msuli ule unaoutumia kukata mkojo katikati, ambayo muuguzi alinifundisha kabla ya kupasuliwa, na ningemshauri baba yako aanze leo badala ya kungoja hadi atakapokuwa na mpira. Hilo jingine lilirudi nusu, na nimelizungumza na mke wangu. Zungumzeni na mama yenu pia, kwa heshima, kwa sababu naona shangazi na kaka wana sauti na yeye hajatajwa.

Tena msisahau kwamba mgonjwa harudi kutoka India akiwa amemaliza. PSA hupimwa kwa miaka. Jirani yangu alirudi na karatasi moja isiyosema kama saratani ilifika kwenye kingo za tezi iliyotolewa, na daktari wa hapa alibaki anakisia.

Nyakato_Mwanza

Samahani kwa kudandia. Je, hoja hizi zinahusu pia kibofu? Huku Kanda ya Ziwa kichocho kimetuachia saratani nyingi za kibofu, na mjomba wangu ameambiwa kitolewe chote. Nimesoma pia kwamba daktari aliyeko Marekani alimpasua mtu wa Angola kwa mbali. Kwa nini na sisi tusifanyiwe hivyo?

Daktari_wa_Mkojo

Dada Nyakato, kwa kibofu ushahidi unaelemea roboti kidogo zaidi. Utafiti wa Uingereza uitwao iROC, uliotolewa mwaka 2022 na kuhusisha wagonjwa 338, ulipima siku ambazo mgonjwa alikuwa hai na nje ya hospitali katika siku 90 za mwanzo: 82 kwa roboti, 80 kwa upasuaji wa wazi. Ni siku mbili tu, lakini matatizo ya vidonda na damu kuganda kwenye mishipa pia yalipungua. Kwa upande wa saratani kurudi, utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 haukukuta tofauti ya maana ndani ya miaka miwili. Mjomba anahitaji zaidi mtu aliyezoea kutengeneza njia mpya ya mkojo kwa kutumia utumbo, na lishe nzuri kabla ya kupasuliwa.

Angola ni kweli, mwezi Juni 2025: daktari alikuwa Orlando na mgonjwa Luanda. Ila Luanda kulikuwa na mtambo, na timu kamili ya kupasua kando ya kitanda, tayari kushika kazi endapo mawasiliano yangekatika. Kwa hiyo kinachookolewa ni nauli ya daktari, na gharama ya mtambo, vyuma vyake vyenye idadi maalumu ya matumizi, na mafundi wa kuutunza bado ni yenu.

Mwana_wa_Pili

Nawashukuru wote. Mzee wa Lushoto, mama ameshirikishwa jana, na ameuliza maswali kuliko sisi wote. Wakala nilimwomba jina la daktari atakayepasua na idadi ya upasuaji wake wa tezi dume, akajibu kwamba jina hutolewa baada ya malipo ya awali. Swali la mama ni hili: kama kuna mionzi, kwa nini tunabishana kuhusu visu?

Daktari_wa_Mkojo

Mama ameuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Nchini Uingereza wanaume 1,643 waliokutwa na saratani ambayo haijatoka nje ya tezi waligawanywa katika makundi matatu: upasuaji, mionzi pamoja na dawa za homoni, na kufuatiliwa kwa karibu. Matokeo ya miaka 15 yalitolewa mwaka 2023, na waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa karibu 3 katika kila 100, bila tofauti ya maana kati ya makundi. Wengi wao walikuwa na ugonjwa mpole kuliko wa baba yenu, kwa hiyo sisemi mfuatilie tu, lakini mionzi ni tiba kamili kwake, na taasisi ya saratani ya Ocean Road, hapo Dar es Salaam, wanaitoa. Madhara yake ni tofauti: mkojo hauvuji sana kama baada ya upasuaji, ila haja kubwa huweza kusumbua na kutoa damu, na nguvu za kiume hupungua taratibu, hasa homoni zikiongezwa.

Kwa baba yenu kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kuchagua mionzi. Umesema alianza kwa kusumbuliwa na mkojo. Kama bado anakamua, anaamka mara nyingi usiku, na kibofu hakimaliziki, mionzi inaweza kuibana njia zaidi katika wiki za mwanzo, na hapo upasuaji hupata uzito. Mwombeni daktari wake ampime kasi ya mkojo, na kiasi kinachobaki kwenye kibofu baada ya kukojoa kwa ultrasaundi. Nendeni na majibu hayo kwa mtaalamu wa mionzi, mama akiwepo.