Bibi wa miaka 84 mwenye kisukari na presha: goti libadilishwe au aachwe?

Wakuu, hili tulibishanie bila kuoneana haya. Ndugu wakisikia mzee wa miaka 80 na ushee ameambiwa abadilishwe goti, jibu huwa moja: "Mwacheni, atafia mezani." Mimi napinga.

Mzee huyo haachwi hivi hivi, anaachiwa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Anameza asubuhi na usiku, miaka inakwenda, nayo inapandisha presha, inachimba vidonda tumboni na kuumiza figo ambazo kisukari kimeshaanza kuzila. Kwa kuwa hatembei, sukari inasumbua na misuli ya paja inasinyaa. Hiyo nayo ni hatari, ila inakwenda polepole, kwa hiyo hakuna anayeiitia kikao cha ukoo.

Umri peke yake si kigezo. Mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unakataza kumnyima mgonjwa rufaa ya kubadilishiwa kiungo kwa sababu ya umri au magonjwa mengine. Ni rufaa tu lakini, hausemi kila mtu apasuliwe. Moyo ukiwa umechoka, mguu una kidonda kisichopona, au kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kimepita asilimia 8, madaktari wengi watasema subirini, na wana haki: bakteria wakishanasa kwenye goti la chuma, kuwatoa ni upasuaji mwingine, pengine miwili.

Wanaopinga wana hoja ninazoziheshimu. Mzee anaweza kuamka amechanganyikiwa siku kadhaa. Damu inaweza kuganda mguuni ikakimbilia mapafuni. Na takriban mtu mmoja kati ya watano hubaki na maumivu. Halafu kuna mazoezi: goti jipya lisipokunjwa wiki za mwanzo linakakamaa. Hapo ndipo tunapochemka. Pesa ya upasuaji inachangwa, ya mtaalamu wa mazoezi haipo, na mjukuu mwenye huruma anamwambia bibi alale tu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mwenye goti haulizwi anataka nini. Akitaka kufika chooni usiku bila kushikwa mkono, goti bandia linaweza kumfaa sana. Akitaka kusujudu, au kuchuchumaa choo cha shimo, aambiwe mapema kwamba wengi hawaliwezi hilo tena vizuri.

Haya, wa "mwacheni" mje: mkishamwacha, maumivu ya usiku anayatuliza kwa nini, na figo zake nani anazipima?