Wiki 3 kabla ya kilomita 21 za Moshi: naogopa mlima wa Mweka, na mambo mengine ambayo watu hawayasemi

Fundi wa Sinza

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wale mliokwisha kukimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 39, kutwa nzima nimekaa. Septemba 2025 mimi na mdogo wangu tulikuwa sebuleni tukimwangalia Alphonce Simbu akimkamata yule Mjerumani kwenye hatua za mwisho kabisa za marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo. Wote saa 2:09:48, na dhahabu ikaja kwetu. Nililia. Wiki ileile mdogo wangu akasema, dada, twende Moshi. Tukaanza mazoezi pamoja. Januari kazi ikampeleka Mtwara, kwa hiyo sasa nakwenda peke yangu.

Mazoezi nimefanya. Jumapili iliyopita nilikimbia kilomita 16, kutoka Sinza mpaka kupita Lugalo na kurudi, kwa saa 2 na dakika 12. Pumzi haikunishinda. Yanayoninyima usingizi ni mengine.

Kwanza mlima. Huku kwetu ni tambarare, nasikia Moshi mnapanda kuelekea Mweka. Pili, baada ya zile kilomita 16 nilichubuka mapajani na chini ya sidiria, maji ya kuoga yaliponigusa nikapiga kelele. Tatu, raba zangu ni za mtumba, nilizipata Karume, na soli imelika upande wa nje. Ninunue mpya sasa au nimechelewa? Nne, haja. Kila nikikimbia zaidi ya saa moja tumbo linanisumbua. Na wanawake wenzangu mnisamehe, tarehe zangu zinaangukia wikendi ileile.

La mwisho ndilo zito kuliko yote: kurudi uwanjani watu wameshaondoka.

Mama wa Rau

Karibu Moshi, mdogo wangu. Nimekimbia hiyo 21 mara 4, na mara ya kwanza nilikuwa na miaka 44.

Mlima ule hausimami mbele yako kama ukuta. Unatoka pale Chuo cha Ushirika, unavuka mji, kisha barabara inainuka kidogokidogo, migomba na mibuni pembeni, na haiwi tambarare upesi. Wanaoumia ni waliotoka kwa furaha ya ngoma na vuvuzela kilomita 3 za mwanzo. Wewe kimbia huku unaongea. Ukishindwa kumaliza sentensi, tembea hatua 60, halafu anza tena. Kutembea mlimani si aibu, utaona wengi wanatembea.

Kurudi ni mteremko, na hapo ndipo wageni wanapodanganyika. Usijirushe, wala usikanyage breki kwa kisigino. Hatua fupifupi. Mapaja ndiyo yanayobeba kazi yote ya kushuka, na kesho yake ngazi za basi utazipanda kwa kushika chuma. Kwa hiyo hizi wiki 2 za mwanzo nenda pale Mlimani, Chuo Kikuu, upande na kushuka mara 5 au 6. Wiki ya mwisho pumzika, kimbia kidogo tu.

Kuhusu kuwa wa mwisho: kilomita 16 zako ni dakika 8 na robo kwa kilomita. Kwenye tambarare ungemaliza 21 kwa kama saa 2 na dakika 54. Kwa mlima jipangie saa 3 na robo. Hutakuwa peke yako, amini.

Mwezini nilikimbia mara moja. Tumia kile ulichokizoea, usijaribu kitu kipya siku hiyo, na beba kimoja cha akiba kwenye kimfuko.

Mzee wa Pugu

Binti, raba nunua wiki hii, usingoje. Soli iliyolika upande mmoja itakuumiza goti kwenye mteremko. Chukua zenye nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, kwa sababu miguu huvimba na kucha hugonga wakati wa kushuka. Zikimbilie angalau mara 4 kabla ya safari, na soksi zilezile utakazovaa. Malengelenge huletwa na msuguano, na kiatu kigeni husugua zaidi.

Basi upande Ijumaa, siyo Jumamosi. Kukaa kutwa kutoka Mbezi Luis mpaka Moshi kunajaza miguu.

Nesi Dodoma

Kuhusu tumbo: Jumamosi kula wali au ugali mchana, usiku chakula chepesi na mapema. Acha maharage, maziwa na pilipili. Asubuhi amka zikiwa zimebaki saa 2 mbio zianze, kula ndizi mbivu na chai ya rangi, upate muda wa choo.

Usimeze diklofenaki kabla ya kukimbia hata kama goti linauma. Ukipungukiwa maji mwilini, dawa hizo zinaelemea figo. Na usinywe maji kwa hofu kila unapoyaona. Maji matupu mengi mno hushusha chumvi ya damu, na hilo ni hatari kama kiu yenyewe. Kunywa ukisikia kiu.

Mapajani na kwenye mkanda wa sidiria paka mafuta ya mgando, mengi.

Fundi wa Sinza

Nimesoma yote mara mbili, na ya Mama wa Rau mara tatu.

Raba nimenunua leo. Usiku huu nimefumua sidiria yangu ya mazoezi: kumbe kilichonikata ni mshono wa ndani na kile kilebo. Nimeugeuza mshono ukae nje, nikaubapa. Kaptula nayo nimeitia mfuko mdogo kiunoni kwa ile akiba. Kuna mwenye tatizo kama langu, alete yake nimshonee, tulipane kwa uji.

Kesho saa 11 alfajiri nakwenda Mlimani. Mama wa Rau, siku ya mbio nitafunga kilemba cha kijani. Ukiniona nimetoka mbio na kundi la mbele, niite kwa nguvu.